Utafiti Unaoimbika

Katika nchi yetu ukweli una ofisi. Iko ghorofa ya pili, mlango wa tatu, na hufungwa saa tisa na nusu kamili. Ukweli ukifika saa kumi kasoro unaambiwa urudi Jumatatu, na uje na picha mbili za pasipoti. Nasema haya bila kulalamika. Nasikia katika nchi nyingine ukweli huzurura tu mitaani, kila mtu akiuokota na kuutumia atakavyo, na raia wa huko hawalali kwa wasiwasi. Sisi tunalala.

Ofisi hiyo inaitwa Taasisi ya Taifa ya Sayansi Asilia, Sheria na Elimu ya Muziki. Wageni huuliza kwa nini mambo hayo matatu yamewekwa chini ya paa moja. Jibu ni jepesi. Siku Mheshimiwa Waziri alipokuja kuzindua vitivo vitatu mbalimbali, utepe ulioletwa ulikuwa mmoja. Aliukata, akapigiwa makofi, akaondoka. Wanasheria wakakaa kikao siku nne, wakaamua kwamba kilichozinduliwa kwa utepe mmoja ni kitu kimoja.

Baada ya hapo ikapitishwa Sheria ya Utafiti Unaoimbika. Kwa mujibu wake, jambo halijawa kweli mpaka mwanasayansi athibitishe kwamba ndivyo lilivyo, mwanasheria athibitishe kwamba linaruhusiwa kuwa hivyo, na mtaalamu wa elimu ya muziki athibitishe kwamba watoto wa darasa la tatu wanaweza kuliimba. Sharti hili la mwisho lilitoka kwa Mheshimiwa mwenyewe. Alisema ripoti zinamchosha macho, wakati masikio yake yamekaa tu hayana kazi. Mtafiti mmoja wa kupatwa kwa mwezi alisubiri miaka sita, kwa sababu matokeo yake yalikuwa juu mno kwa sauti ya kwanza. Katika miaka hiyo mwezi ulipatwa mara nne, zote kinyume cha sheria.

Mimi niliajiriwa pale kama Mrekebisha Mizani. Kazi yangu ilikuwa kuchukua matokeo ya wasomi na kuyaweka katika utenzi. Sikusomea. Niliishia darasa la saba, nikapelekwa kwa mjomba kuangalia mashine ya kusaga mahindi, na hapo, katika ngurumo na vumbi la unga, nikajifundisha kutunga peke yangu. Mapigo ya mashine ile yalinifundisha kuhesabu nane nane, nami sijawahi kukosea tangu hapo. Nilipopata miaka ishirini na minne niliwashinda washairi watatu wenye shahada katika shindano la Taasisi, na kila nilipokutana nao kwenye ngazi niliwakumbusha. Nilikuwa na kanuni moja tu maishani: sijatoa, wala sitatoa, mshororo wenye mizani saba au tisa. Niliilinda kanuni hiyo kuliko nilivyolinda kitu kingine chochote, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

*

Dakta Mwajabu Kilua alikuwa mkemia wa maji. Alikuwa mpole, vidole vimebabuka kwa dawa za maabara, kifua chake hakina nguvu, na hakujua kuimba hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa limemchelewesha cheo mara tano. Asubuhi moja aliingia chumbani kwangu akaweka karatasi juu ya meza.

"Mdogo wangu Hiza," alisema, "visima vitano. Maji machafu ya kiwanda cha ngozi yamevifikia vyote. Nimepima mara tatu. Fanya haraka, watu wanakunywa."

Nilisoma orodha. Mnadani. Sokoni. Magengeni. Kisima cha Jaha. Nikasimama kwenye cha tano. Kilikuwa katika uwanja wa shule ya msingi ya mji wetu, na jina lake la kisheria lilikuwa Kisima cha Kumbukumbu ya Siku Aliyokunywa Mheshimiwa Waziri. Miaka mitatu nyuma Mheshimiwa alisimama kando ya kisima hicho akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Jina likatangazwa gazetini, na kulifupisha ni kosa linaloitwa Kumpunguza Mheshimiwa, kifungo miaka miwili.

"Hiki hakiingii," nilisema.

"Hakiingii wapi?"

"Kwenye ubeti. Utenzi una mishororo minne, Dakta. Visima vinne, mishororo minne. Sikiliza vinavyokaa."

Nikamtolea pale pale, bila karatasi, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa:

*Usichote Mnadani,*
*Usichote na Sokoni,*
*Wala pale Magengeni,*
*Wala Kisima cha Jaha.*

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni nzuri," alisema. "Haya, cha shule."

"Jina hilo refu nani ataliimba?"

"Ongeza mshororo wa tano."

"Utenzi hauna mshororo wa tano."

"Basi ubeti mwingine."

Nikamweleza, kwa subira ya fundi anayemweleza mteja, kwamba Profesa Lwoga wa elimu ya muziki anaruhusu beti mbili tu kwa darasa la tatu, kwa ajili ya mapafu yao. Na ubeti wa pili ulikuwa tayari kichwani mwangu, wenye sumu, mwalimu na raha ndani yake, vina vimelala sawasawa.

"Toa hiyo raha," alisema.

"Nikitoa raha kina kinavunjika."

"Kivunjike. Hiza, hebu nisikilize. Andika mstari mbovu wowote ule. Watoto wataimba hivyo hivyo."

Mstari mbovu. Aliniambia mimi maneno hayo, ndani ya chumba changu.

"Dakta," nilisema, "mimi sijakuambia upime maji kwa macho."

Nikaona nimlainishe, nikamwambia kwamba kisima cha tano kitawekwa kwenye kiambatisho. Alishukuru akaondoka. Sikuandika kiambatisho chochote. Kiambatisho hakiimbwi, na kisichoimbwa, katika nchi yetu, mnaujua mwisho wake.

*

Uzinduzi ulifana. Watoto arobaini walivaa soksi nyeupe. Profesa Eliufoo Lwoga aliwaongoza kwa kijiti chake cha mpingo, akilia machozi tangu kabla hawajaanza, na walipofika ubeti wa pili ukumbi mzima ulikuwa unaimba nao:

*Maji haya yana sumu,*
*Tuyaache ni muhimu,*
*Tumtii na mwalimu,*
*Sote tuishi kwa raha.*

Kisha akasimama Profesa Kandidus Senga, mkuu wa sheria, mtu ambaye hajawahi kusema salamu bila kutaja kifungu chake.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba visima vilivyotajwa katika wimbo huu ni vibaya, na vimefungwa kuanzia sasa hivi. Kisichotajwa ni kizuri. Mtu anaweza kuuliza, je, kama kuna kingine? Nami namjibu mtu huyo asiye na adabu: mmeusikia wimbo wenyewe. Je, mmeona umepungua mahali? Umepwaya mahali? Haukupungua. Umetimia. Na wimbo uliotimia ni ushahidi tosha kwamba orodha imetimia. Kijana, simama wakuone."

Nilisimama. Nilisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kule nyuma Dakta Mwajabu alikuwa ameinua mkono juu. Katika uzinduzi hakuna nafasi ya maswali, kwa hiyo mshereheshaji alidhani anapunga, naye akampungia.

*

Wiki hiyo mji mzima ulihamia kwenye kisima cha shule. Ndoo zilizunguka uwanja wa mpira mara mbili. Halmashauri ikapaka pampu rangi ya kijani na kuweka kibao, KISIMA HIKI HAKIMO KATIKA WIMBO. Watu waliimba wakiwa kwenye foleni ili wajihakikishie.

Nilikwenda kuona. Niseme ukweli wa nafsi yangu: nilikwenda kusikia. Akina mama walinitambua. Mmoja akajaza kikombe akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mshairi. Haya ndiyo uliyotuchagulia."

"Nashukuru, mama," nilisema. "Nimefunga."

Ilikuwa Jumanne mchana, na Ramadhani ilikuwa mbali sana. Mama yule aliyamwaga maji yangu kwa heshima, akamjazia mwanawe kikombe kile kile.

Dakta Mwajabu alinikuta ofisini siku iliyofuata. Hakunigombeza. Alikuwa amekwenda kwa wanasheria akaambiwa kwamba wimbo uliozinduliwa haurekebishwi, kwa sababu ukweli ukirekebishwa maana yake ulipata kuwa uongo, na jambo hilo halijawahi kutokea nchini. Njia ilikuwa moja tu. Mtunzi akitamka mbele ya kikao kwamba hajui kutunga, basi wimbo wake unahesabiwa haujapata kutungwa, na matokeo yanarudi mikononi mwa mwanasayansi kama yalivyokuwa. Fomu alikuja nayo. Juu yake palikuwa pameandikwa Tamko la Kutojua Kutunga.

"Ni sahihi tu," alisema.

"Ni jina langu, Dakta."

"Ndiyo, jina lako. Hilo ni fupi, linaingia popote."

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria siku kumi na moja.

Siku kumi na moja ni nyingi, na mtu mwenye kiburi hana shida ya kuzijaza. Nilikwenda kwa Profesa Senga kupata ushauri. Akaniambia nikisaini, hata ushindi wangu wa zamani utafutwa, na wale watatu wenye shahada watapanda nafasi. Hakujua amenipa sababu iliyonitosha wiki nzima. Nilikwenda kwa Profesa Lwoga.

"Watoto wangu wanauimba bila kosa," alisema. "Mtihani ni mwezi ujao. Unataka niwafundishe nini, kijana wangu, kunyamaza?"

"Wanaumwa, Profesa."

"Sauti zao ni nzima."

Na kweli walikuwa wanaumwa. Kwanza watoto wawili, wakitapika darasani. Siku ya tano walikuwa tisa, wenye vipele mikononi mpaka kwenye viwiko. Siku ya kumi zahanati ilikuwa na watoto thelathini na mmoja, wengine wamelazwa kwenye mikeka kwa sababu vitanda vilikuwa sita. Muuguzi aliwapa vidonge, na maji ya kumezea vidonge aliyachota kwenye kisima cha shule, kwa kuwa ndicho pekee kilichoruhusiwa. Alifuata sheria. Mimi nilikuwa nyumbani, natunga utetezi wangu. Ulikuwa na beti arobaini na mbili, na ulikuwa mzuri.

*

Jumatatu, siku ya kumi na mbili, kilikuwa kikao cha wote cha Taasisi. Nilihudhuria nikiwa na utetezi wangu mfukoni. Kabla sijaitwa, Dakta Mwajabu alisimama bila kuitwa na mtu.

"Nasoma jina la kisima kimoja tu," alisema. "Kisha mnifanye mtakavyo."

Profesa Senga alimwambia akae. Hakukaa. Alisoma polepole, na kwa kuwa kifua chake kilimbana, alipumzika kila baada ya maneno machache.

"Kisima cha Kumbukumbu," akavuta pumzi. "Ya Siku Aliyokunywa." Akavuta tena. "Mheshimiwa Waziri."

Vidole vyangu vilihesabu vyenyewe, kama vilivyozoea tangu kwenye mashine ya mjomba. Nane. Nane. Nane.

Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Nane, nane, nane. Jina lile lilikuwa mishororo mitatu iliyokamilika, imekaa tayari, bila kupunguzwa mtu yeyote, ikikosa vina tu na mshororo mmoja wa kufungia, na kanuni yangu haikuwa ya vina. Ningeweza kuifunga kabla chai haijapoa. Ubeti wa sumu na raha ungelipisha jina hilo, na watoto wangeimba. Nilimwambia Dakta hakiingii, nami sikuwa nimehesabu. Niliona jina refu la hovyo limekuja kuniharibia kazi, nikalikataa kwa macho.

Nikaomba fomu.

Sheria inataka maswali yasomwe kwa sauti na mwombaji ajibu akiwa amesimama. Profesa Senga alivaa miwani.

"Jina?"

"Hiza Mkangara."

"Kazi?"

"Mrekebisha Mizani."

"Kutunga umesomea wapi?"

"Sikusomea."

Watu wakacheka. Wale watatu wenye shahada waliendelea kucheka hata wenzao walipokwisha nyamaza.

"Swali la nne. Je, mwombaji amewahi, katika wakati wowote wa maisha yake, kujua kutunga?"

"Ndiyo," nilisema.

Profesa Senga aliweka kalamu chini. "Hapo unajiharibia, kijana. Ukisema ndiyo, basi wimbo umetungwa na mjuzi, na wimbo wa mjuzi unabaki. Nikusomee tena?"

"Nisomee."

Akasoma tena. Nilimtazama Dakta Mwajabu nikitaka aniangalie, aone angalau ninachokitoa. Hakuniangalia. Alikuwa anapanga karatasi zake za vipimo kwa tarehe, maana alijua zitahitajika baada ya dakika chache.

"Hapana," nilisema.

"Sauti. Profesa Lwoga hajasikia."

"Hapana. Sijawahi kujua."

Muhuri ukapigwa. Cheti kilitoka hapo hapo, sijaona ofisi yetu ikifanya kitu kwa haraka namna ile. Kilisema kwamba serikali imejiridhisha kuwa Hiza Mkangara hajui, hakujua na hakupata kujua kutunga. Kabla ya alasiri pampu ya shule ilikuwa imefungwa mnyororo, na magari ya maji safi yakaanza kuja kutoka mji wa jirani. Profesa Lwoga akaunda kamati ya kuwafundisha watoto kuusahau wimbo, ingawa mpaka leo kamati hiyo haijapata mtaala.

Dakta Mwajabu alinipita mlangoni. "Asante," aliniambia, kama unavyomwambia mtu aliyekurudishia kitu chako baada ya kukaa nacho mno.

*

Nilikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Sikujua nitafanya nini huko. Sikubeba kitu, isipokuwa cheti kilichokuwa kwenye mfuko wa shati. Muuguzi alinionyesha benchi ukutani, nikakaa karibu na mama mmoja aliyempakata binti yake, mtoto wa miaka minane hivi, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa amefumba macho. Mama alikuwa anamwimbia kwa sauti ya chini, akimtikisa.

*Usichote Mnadani, usichote na Sokoni.*

Alipofika mwisho wa ubeti aliniona nikimtazama.

"Unaujua, kaka?"

"Nimewahi kuusikia."

"Ndio peke yake unaomtuliza. Nikiacha tu anaamka, anaanza kujikuna." Akaifunga vizuri bandeji iliyolegea. "Wanasema kautunga kijana wa hapa hapa mjini. Hata chuo hakwenda. Mungu amzidishie."

"Hajui kutunga," nilisema.

"Nani kakwambia?"

Nilitoa cheti nikamwonyesha. Alikitazama kwa makini, akakisoma mstari kwa mstari huku mdomo wake ukitembea, akafika kwenye muhuri, akanirudishia.

"Basi hata serikali ina wivu," alisema.

Nilitaka kumwambia jina langu. Lilikuwa pale kwenye cheti na alikuwa amelisoma, ila hakuwa ameniuliza langu, nami nilikaa na maneno mdomoni mpaka mtoto akajigeuza, akaguna, akaanza kusugua mkono wake kwenye goti la mama yake.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza, nakuimbia."

Akaanza upya, tangu mwanzo. Mtoto alitulia. Midomo yake ikawa inafuata maneno bila sauti, sumu, mwalimu, raha. Nilificha mkono chini ya benchi nikahesabu kwa vidole, beti zote mbili, mshororo kwa mshororo. Hakuna uliopungua hata mizani moja.